Shamba Lililofagiwa

Majirani walimwita Bwana Ufagio, naye alijivunia jina hilo. Kila baada ya mavuno alikusanya mabua yote, akayachoma, kisha akafagia shamba mpaka likawa kama sakafu ya sebule. Msimu huu mvua ilikuwa imezoa mahindi aliyopanda, mara ya kwanza na ya pili. Mbegu za mwisho, ambazo zilikuwa pia chakula chao cha mwisho, alizifukia asubuhi hiyo. Sasa mawingu yalikuwa yakijikusanya upya.

Mkewe aliweka bilauri mbili za maji mezani. Katika moja alitumbukiza bonge la udongo wa shambani. Katika nyingine, bonge la chini ya kichaka cha mpakani, ambako majani huanguka na kuoza bila kubughudhiwa. La shambani liliporomoka papo hapo, maji yakawa tope. La kichakani lilitulia, zima.

"Hili umelitia gundi?" mume aliuliza.

"Gundi ni majani yaliyooza, baba watoto, na vijidudu vinavyoyala. Vya kwetu umevichoma pamoja na chakula chao."

"Niliona uchafu tu."

"Hata ukoko ni uchafu, mpaka siku ya njaa."

Radi ilinguruma. Walikimbia kukomba majani ya kichakani. Yakafunika tuta moja. Hapo mke alichukua kisu, akaingia chumbani. Kitambaa kilisikika kikichanika: godoro la nyasi walilolilalia tangu harusi yao.

"Mama watoto, tutalala wapi?" mume aliuliza.

"Mwenye njaa halali, hata ukimtandikia. Beba!"

Walitandaza nyasi kwa mikono huku matone mazito yakianza kuanguka. Zilifika katikati ya shamba, zikaisha. Chini ya nyasi, maji yalipunguza mwendo, yakazama taratibu. Kwingineko ardhi tupu ilifunga kinywa. Maji yakateleza juu yake, yakaondoka na mbegu. Mume alipiga magoti kwenye tope, akaziokota moja moja, na viganja vilipojaa akazitia mdomoni, akizibana shavuni asije akazimeza.

Alipoinua kichwa, mkewe alikuwa amesimama mbele yake na mto wa mtoto wao, nao wa nyasi. Alimnyooshea mpini wa kisu.

"Nimemlaza kwenye kanga," alisema. "Mimi siwezi. Upasue wewe."

Alitaka kumjibu, lakini mdomo ulijaa mbegu. Akaupokea mto, ungali na joto la shavu la mwanawe, akaupasua.