Mikato Ishirini na Mitatu

Luan alikuwa fundi wa vilimi. Kilimi ni kile kipande cha shaba kinachovutwa na kidole, jino linaloshika ugwe wa upinde wa mtambo likainama, ugwe ukaachiwa na mshale ukaenda zake. Alivitengeneza vizuri, hilo hata wabaya wake walikubali. Ila alikuwa na ugonjwa mmoja: jina lake. Sheria ilitaka kila fundi achonge jina kwenye kipande chake, kikileta matata ajulikane wa kupelekwa kaskazini kujenga ukuta. Wenzake walikwaruza majina yao upesi wakaenda kula uji wa mtama. Kwa maandishi ya kwao jina la Luan lilikuwa mchoro wa mikato ishirini na mitatu, na yeye, kwa kiburi alichorithi pamoja na jina hilo kwa marehemu baba yake, hakuruka hata mmoja.

Basi siku ya ukaguzi upinde mmoja ukagoma. Askari akavuta, akavuta, akaegemeza mguu kwenye nguzo akavuta tena. Wapi!

Mkaguzi Pei akaufungua, akabadilisha vipande na vya upinde mwingine kimoja kimoja, maana vyote vilitengenezwa kwa kipimo kimoja. Kilimi kilipohamishwa, mgomo nao ukahama.

"Hiki cha nani?"

"Si kimeandikwa, mkuu," akasema Dou, fundi wa yale meno ya pinde. "Soma tu. Ukianza sasa hivi, jioni utakuwa umemaliza."

Waliokwenda ukutani hawakuwa wakirudi. Pei akapitisha ukucha juu ya jina: kingo za mikato zilikuwa zimeinuka, zinakwaruza kijumba cha shaba kinachokishikilia kilimi. Kilichokwama ni jina lenyewe.

"Piga tupa."

Luan akapiga tupa, machozi yanamlenga. Upinde ukafyatuka vizuri ajabu.

"Sasa hakina jina," akasema Pei. "Kilimi bila jina ni kosa. Ukuta."

"Nikilichonga tena, mkuu?"

"Kitakwama. Ukuta."

Pei hakuwa mtu mbaya, jamani. Sheria ilikuwa mikononi mwake na hakuwa na pengine pa kuiweka. Akakuna kidevu muda mrefu.

"Utaitwa Yi," akasema. "Yaani moja. Mkato mmoja tu, umelala."

"Lakini jina la baba yangu..."

"Wee," akanong'ona Dou, "unataka jina au unataka mgongo?"

Luan akachonga mkato mmoja. Upinde ukafyatuka, na Yi akasalimika.

Kumbe kesi ilikwishaandikwa: fundi Luan, kilimi kibovu, ukuta. Na Luan hayupo. Pei akamuuliza Yi kama anajua alikokimbilia. Yi akasema hajui, na roho ikamuuma, kwa sababu hakuwa anadanganya.

Ikaamriwa ubao wa kumsaka mtoro utundikwe langoni. Karani akajaribu jina lile mara tatu, kila mara akapotelea kwenye mkato wa kumi na moja.

"Mwiteni Yi," akasema Dou. "Walikuwa wanapendana sana wale."

Yi akaja na patasi yake. Akachonga kutwa nzima, mikato yote ishirini na mitatu, mikubwa, ya kina, hakuruka hata mmoja.

Mpaka leo kila asubuhi akienda kazini husimama pale kidogo. Walinzi humuuliza kama amemwona yule mhalifu.

"Huyu hapa," husema Yi akiugusa ubao, na walinzi hucheka.