Mikono ya Msusi

Jumatatu saa mbili asubuhi fundi wa maabara ya umeme, ambaye chuo kizima kilimwita Bibi Testa kwa sababu testa, bisibisi ya kupimia umeme, haikumtoka mfukoni, alifungua madirisha, akafuta meza nane zisizo na mtu, akaiegemeza simu yake kwenye ndoo iliyopinduliwa. Chuo kilikuwa kimefungwa kwa ajili ya ugonjwa. Wanafunzi arobaini wa mwaka wa mwisho walikuwa makwao, na yeye alitakiwa awafundishe kusuka mota, yaani kuzizungushia waya mpya zilizoungua, kwa njia ya simu.

"Waya ukiukaza sana, unakatika," aliiambia simu. "Ukiulegeza, mota inaungua. Kiasi chake..."

Kiasi chake kilikuwa kwenye ncha za vidole, na kwa miaka kumi na tisa alikuwa amekifundisha kwa kuushika mkono wa mwanafunzi na kuvuta pamoja naye. Sasa alijiona anampigia mbuzi gitaa. Kwa uchungu, na kwa mazoea, akasema lile alilolisema kila mwaka: "Anayetaka kujaribu anyooshe mkono."

Jumanne alikuta mikono arobaini na mmoja mezani, mikavu na mizima, imeishia kwenye viwiko. Aliihesabu mara mbili, maana darasa lilikuwa na watu arobaini. Wa ziada ulikuwa wa msichana aliyeitwa Msusi, kwa kuwa alikuwa akisuka nywele za bweni zima. Kwao mtandao ulikuwa wa kubahatisha, basi yeye, ili aonekane, alikuwa amenyoosha yote miwili. Bibi Testa akagawa waya.

Saa nne simu ikaita. Alikuwa mama yake Msusi.

"Habari za kazi, mwalimu. Mikono ya binti yangu iko huko?"

"Iko, mama. Inasuka."

"Haya. Mimi hapa namlisha kwa kijiko, mtu mzima na akili zake. Saa kumi iwe imerudi, kuna nguo za kufua."

Saa kumi ikarudi, na kesho yake saa mbili ikaja tena.

Alhamisi alikuja mkuu wa idara, barakoa mpaka machoni. Aliipulizia mikono dawa kama kanuni ilivyotaka. Ya Msusi ikasuguana sekunde ishirini. Iliyokuja mmojammoja iliazimana na jirani, jambo lililomkera mkuu, kwani kugusana kulikuwa kumepigwa marufuku.

"Mahudhurio unayaandikaje?" aliuliza.

"Kwa mikono iliyopo."

"Mfumo unataka sura, dada. Mwanafunzi aonekane uso dakika arobaini, kisha ajibu maswali kumi ya kuchagua. Hayo ndiyo mafunzo ya vitendo ya mwaka huu."

"Mota husukwa kwa mkono, mkuu."

"Najua. Hata mimi nilifundishwa kwa mkono. Lakini mfumo hauna sehemu ya mkono."

Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililomchosha Bibi Testa. Mbaya angegombana naye. Alimwandikia mkuu barua tatu, akajibiwa mara tatu kwa barua ileile, tarehe tu ndiyo iliyobadilika.

Tangazo la mahudhurio kwa sura lilipotoka, mikono ilianza kupungua. Wenyewe waliihitaji kwa kushikia simu mbele ya nyuso zao. Kufikia wiki ya pili ilibaki miwili, na Bibi Testa akampigia mama yake Msusi kumwambia binti atafelishwa asipoonyesha sura.

"Mwalimu, hapa kwetu simu inashika ukipanda juu ya tangi la maji," mama alisema. "Atakaa huko dakika arobaini? Na simu ataishika na nini, mikono si iko kwako?"

"Niiambie isije tena?"

Mama alifikiri. "Akae nayo ashike simu isiyoshika mtandao? Hapana. Iache ijifunze."

Ikajifunza. Bibi Testa aliishika vidole, akavuta pamoja nayo, siku baada ya siku, mpaka waya ukaanza kukaa wenyewe. Wiki ya sita ilisuka mota nzima peke yake, nayo ikanguruma bila kutetemeka. Akaipa alama kumi na tisa kwa ishirini.

Matokeo yalipobandikwa, mbele ya jina la Msusi paliandikwa: Hakuhudhuria. Arudie mwaka. Wa kwanza alikuwa kijana waliyemwita Kamera, ambaye uso wake haukuondoka kwenye skrini hata siku moja. Wenye wivu walisema ilikuwa picha.

Bibi Testa akaibeba ile mota hadi ofisini kwa mkuu, akaiweka juu ya mafaili, akaichomeka. Mkuu aliisikiliza kwa makini.

"Kazi safi," akasema. "Ya nani?"

"Ya Msusi."

"Hakuwepo," mkuu akasema kwa huzuni, akamwonyesha karatasi.

Chuo kilipofunguliwa, Kamera aliajiriwa msaidizi wa maabara. Msusi alikuwa bado kwao, akisubiri mwaka wa kurudia uanze. Mikono yake ilikuja kila siku kama kawaida. Wiki hiyohiyo mota ya pampu ya bweni iliungua, na Kamera akasimama mbele yake na waya mkononi.

"Bibi, hii inaanzia wapi?" aliuliza kwa adabu. "Kwenye video ilikuwa imeshaanzwa."

Mikono ya Msusi ikamsogeza kijana pembeni taratibu, ikaanza. Kabla ya saa saba maji yalikuwa yanatoka.

Ikabaki fomu ya matengenezo: Imesukwa na nani. Bibi Testa aliandika Msusi, jina lake kamili na namba ya usajili, akaipeleka ofisini mwenyewe. Ikarudi imekatwa kwa wino mwekundu, na nyingine tupu juu yake, kwa maelezo kwamba mtu huyo hana mafunzo ya vitendo.

Kamera alimtazama Bibi Testa, kisha akaitazama mikono. Akachukua kalamu. Feni ilikuwa inaipeperusha karatasi, ikawa hapati pa kuanzia, basi ile mikono miwili ikaishika pembeni, huku na huku, ikaituliza mpaka akamaliza kuweka sahihi yake.