Mwaka wa Saa Kumi na Nane

Nsabimana nilimpenda akiwa na akili zake timamu. Mwaka 2012 redio ikamharibia.

Ilitangaza habari za sayari ya mbali, inayozunguka nyota nyingine kabisa, si jua letu. Upana wake mara mbili ya dunia, uzito mara nane, na imeisogelea nyota yake mno hata mwaka mzima unakwisha kwa saa kumi na nane. Joto linapita nyuzi elfu mbili. Wataalamu walikuwa wakikisia kwamba ndani imejaa almasi. Basi Nsabimana wangu, mwalimu wa sayansi pale Titye, akapata wazimu. Kila tukikutana ni sayari. Kitenge changu kipya hata hakukiona.

Na baba yangu, mzee Bazilio, alikuwa amempa mpaka Jumapili alete pombe ya posa. Kwetu pombe hiyo hainunuliwi. Mposaji mwenyewe huvundika ndizi mbichi kwenye shimo lililopashwa moto kidogo, zikiiva huzikamua, ndipo apike. Asipoileta, Jumatatu angepokelewa Ndihokubwayo, mgane mwenye malori kule Manyovu. Nilishamwona huyo Ndihokubwayo akila. Nilikuwa na hofu kweli.

Jumapili saa sita mchana Nsabimana akaja na kikapu. Mtungi hakuna. Nilikuwa nikichungulia kutoka jikoni.

"Mzee," akasema, "niliona kule kwenye sayari, kuwa karibu na moto ndiko kunakoharakisha mambo. Nikauchochea wa shimoni asubuhi na jioni."

Baba akafunua kikapu. Ndizi zilikuwa zimeiva, ila kwa kuliwa na chumvi.

"Ewe mwalimu! Shimo la kuvundikia umeligeuza tanuri?"

Akamenya moja kwa hasira. Akaagiza chumvi.

"Huko kwenye sayari yako pombe wanapikaje?"

"Hakuna watu, mzee. Hata mawe yanayeyuka."

"Na almasi?"

"Wanakisia tu."

"Wao wanakisia, wewe unaniunguzia ndizi." Alikuwa anamenya ya tatu. "Bila pombe sipokei posa. Rudi baada ya mwaka."

Mwaka! Na Ndihokubwayo kesho! Binti haingilii mazungumzo ya posa, najua, lakini nilikuwa nimeshatoka jikoni na mwiko mkononi.

"Mwaka wa wapi, baba?"

Baba akanitazama, akautazama mwiko, akamtazama Nsabimana na masizi yake usoni. Akacheka mpaka chumvi ikamwagika.

"Ego," akakubali, "wa huko huko kwa mkwe wangu."

Mkwe! Nililia palepale mbele yao, wala sikuona haya.

Kutoka saa sita mchana, saa kumi na nane zinakufikisha saa kumi na mbili asubuhi. Nsabimana aliwahi, mkungu wa ndizi mbichi begani. Baba alikuwa tayari kwenye shimo letu la kuvundikia, anapanga kuni chache.

"Mwakeye, mzee," Nsabimana akamwamkia, akatua mkungu, akatoa kiberiti mfukoni. "Jana usiku redioni wamesema..."

Baba akamnyang'anya kiberiti.