Zulia la Bustanini

Shwa, shwa, shwa. Chekeche lilikuwa likienda na kurudi jikoni, na nje kulikuwa bado giza. Isauro alikuwa amekaa kwenye kigoda, ndoo katikati ya magoti, akichekecha vumbi la mbao la rangi ya zambarau. Hiyo ndiyo iliyokuwa imechelewa kukauka, maana mvua za Juni hazina huruma na mtu wa rangi. Alichekecha taratibu asimwamshe Nereo, lakini Nereo alikuwa macho zamani.

"Chekeche lako linakoroma kuliko mimi," alisema kutoka chumbani.

Tangu apatwe na kiharusi, maneno ya Nereo yalitoka polepole, moja moja, kama mtu anayeshuka ngazi gizani. Utani ulikuwa umebaki mzima. Isauro akacheka, akaenda kumvalisha shati. Mkono mlegevu kwanza, halafu ule mzima. Ndivyo muuguzi alivyomfundisha. Vifungo alimwachia mwenyewe, akasubiri huku akitazama dirishani.

Kwenye rafu ya jikoni ilikaa sufuria ya buluu, kishikio cha mfuniko wake kimefungwa kwa waya. Mtu aliiacha kizingitini imejaa supu ya kuku, wiki ile Nereo alipotoka hospitali. Aligonga mlango, akaondoka. Isauro aliiosha, akataka kuuliza mtaani ni ya nani. Nereo akamwambia aiache. Waya ule aliufunga yeye mwenyewe ujanani, nyumbani kwa mama yake, na aliyerithi vyombo vya mama ni Delfina, dada yake. Delfina hakuwahi kuingia katika nyumba hii tangu Nereo alipohamia kwa Isauro.

Kwa miaka mingi mji uliwaita wawili hawa mabinamu, nao hawakumsahihisha mtu. Isauro ni fundi wa mazulia ya vumbi la mbao, yale tunayoyatandaza barabarani wakati wa Juma Kuu ili maandamano yapite juu yake, sanamu ikiwa mabegani mwa watu. Sasa vijana walikuwa wameandaa siku ya Fahari katika bustani ya mji, ya kwanza kwetu, kwa ajili ya watu wa jinsia moja wanaopendana, kama wao wawili, na yeyote atakayependa kuja. Wakamwomba Isauro zulia. Alikubali kabla hawajamaliza kueleza. Kisha akamwomba Nereo aje alione.

Hilo lilikuwa gumu zaidi. Nereo hakuwa ametoka nje tangu majirani walipombeba kwenye blanketi hadi kwenye gari la wagonjwa, mguu mmoja unaning'inia, mtaa mzima unatazama.

"Nitakuja," alisema mwishowe. "Ila sibebwi. Mimi si mtakatifu. Wakitaka kunibeba nirudishe nyumbani, na usiniombe kutoka tena."

Isauro alijua kwamba hakuwa akitania.

Alitangulia bustanini kulipokucha. Yesenia, binti aliyeongoza maandalizi, alikuwa ameshafika, akienda huku na huku kwa magongo yake mawili. Alikuwa amewekesha mteremko wa mbao juu ya ngazi za langoni, viti kivulini, mahali pa mkalimani wa lugha ya ishara kando ya jukwaa, na hema tulivu kwa wanaosumbuliwa na kelele. Ngoma alizipeleka upande wa mbali. Hata milango ya vyoo vya kukodi aliipima kwa kiti cha magurudumu kabla ya kukubali vishushwe kutoka kwenye lori.

Isauro akachagua mahali pa zulia kama alivyochagua maisha yake yote: katikati ya njia ya maandamano. Ilikuwa njia ya saruji, nyembamba, kutoka langoni hadi karibu na jukwaa. Akalaza violezo, akachekecha rangi juu yake, akanyunyiza maji ili vumbi lishikane. Ndege wenye mikia mirefu, maua ya mahindi, upinde wa mvua kutoka mwanzo hadi mwisho. Alilijaza ukingo hadi ukingo, kwani kwetu zulia lililoacha saruji wazi pembeni ni kazi ya mvivu.

Hakufikiri. Hakuna aliyefikiri. Katika mji huu zulia halikanyagwi kabla ya wakati wake, hata mbwa hufukuzwa. Kila aliyeingia alilisifia, akalizunguka, akapita kwenye majani. Ardhi ilikuwa imelowa mvua ya jana, na baada ya miguu mingi majani yakawa matope.

Isauro akarudi nyumbani, akaja akimsukuma Nereo kwenye kiti chake cha magurudumu. Mteremko waliupanda vizuri. Juu yake magurudumu yakafika kwenye ukingo wa zulia, na hapo ndipo Isauro alipoona alichokifanya.

Alijaribu kupita kwenye majani. Gurudumu la mbele likazama, kiti kikainama. Wanaume wanne wakaja mbio, watu wema, wakikunja mikono ya mashati. "Tumbebe mzee wetu, mara moja tu."

Nereo akalishika gurudumu kwa mkono wake mzima. "Nyumbani," alisema, bila kupandisha sauti.

Yesenia akafika, akatazama kiti, akatazama zulia. Alisema kosa ni lake, amepima vyoo akasahau njia. Isauro akamwambia njia ilikuwa nzuri, aliyeiziba ni yeye. Nyuma yao mama mmoja aliyemsukuma mwanawe kwenye kiti kama kile alikuwa amesimama langoni, hajui aende wapi.

Isauro akakivuta kiti kutoka matopeni. Watu wakadhani wanaondoka. Badala yake akakigeuza, akakielekeza kwenye zulia.

"Maandamano bado," alisema Nereo.

"Yanaanza na anayetangulia. Nimetengeneza kitu cha kupitiwa, Nereo, sikujenga ukuta."

"Kazi ya usiku kucha hiyo."

"Na ilikunyima usingizi usiku kucha. Pita."

Akachukua kopo la kumwagilia, akaanza kulowesha tena vumbi, akirudi kinyumenyume kando ya zulia, miguu yake ndani ya matope. Vumbi kavu hutawanyika chini ya gurudumu, likilowa hushika. Kiti hakukigusa. Nereo akaweka mkono mzima kwenye gurudumu, akashusha mguu mzima juu ya rangi nyekundu, akajivuta. Kiti kikasogea kidogo. Akajivuta tena.

Mzee mmoja pembeni akavua kofia, kama tunavyofanya sanamu inapopita.

"Vaa kofia yako wewe," Nereo alimwambia, akihema. "Utapigwa na jua."

Kicheko kikapita katika umati mzima. Nyuma yake ilibaki mistari miwili ya magurudumu, na kati yake alama za kiatu kimoja. Akafuata mtoto na mama yake, kisha Yesenia, magongo yake yakitoboa vishimo kwenye mikia ya ndege, kisha wengine wote.

Mwisho wa njia, kikapu cha Delfina kilikuwa pale kinapokaa kila Jumapili. Alikuwa ameshawaambia wateja kwamba amekuja kuuza chuchito, yale madonge ya unga wa mahindi yaliyopikwa ndani ya maganda ya hindi, si kusherehekea, na kwamba mahali pake hampishi mtu. Kiti kikasimama mbele yake.

Hakumsalimia kaka yake. Alitoa chuchito ya moto, akaivua ganda lake la hindi, akaikatakata, akaiweka sahanini, upande wa mkono mzima, bila kuuliza ni upi. Kisha akainama, akaukwangua kwa lile ganda uchafu wa rangi uliokwama kwenye gurudumu dogo.

"Umekonda," alisema akiwa bado chini. "Huyu hakulishi?"

"Ananilisha. Hajui kupika."

Isauro alisema hilo ni kweli, akaenda kunawa miguu bombani, ingawa miguu ingeweza kusubiri.

Nereo alikula hadi sahani ikawa tupu. "Supu yako," alisema, "ilizidi chumvi."

"Supu gani?" Delfina akageuzageuza chuchito ambazo hazikuhitaji kugeuzwa.

"Sufuria ya mama iko rafuni kwetu." Maneno yalimjia moja moja, na dada yake akasubiri kila moja, mkono umetulia juu ya kikapu. "Uje tena, Delfina. Safari hii usiishie mlangoni."