Dole Langu Kwenye Sahani ya Nyonga

Nani, mimi? Niliiba kwenye mizani? Huyo ni bibi yako kakwambia, namjua. Sikuiba bwana. Nilibonyeza. Mwizi anapunguza, mimi niliongeza. Hebu sogeza hicho kigoda ukae, nikusimulie yote, maana yeye akisimulia huanzia kwenye dole langu na kuishia hapohapo.

Ilianza na mlango wa stoo. Upepo ulivuma, mlango ukaja kujibamiza, bibi yako akanyoosha mkono auzuie. Basi. Hakuanguka, hakupigana na mtu. Kifundo cha mkono kikalia ka, kama kijiti. Na mlango wenyewe niliutengeneza mimi, wa mbao laini, hauwezi kumuumiza hata kuku. Yeye mpaka leo anasema ni ufundi wangu uliomvunja. Mimi fundi makochi, mlango nilimsaidia tu, lakini hayo tuyaache.

Hospitali wakamfunga plasta ngumu, wakamlaza chini ya mashine wakampiga picha ya mifupa. Daktari, kijana mpole sana, anatazama picha anakuna shavu. Akasema, "Bibi, mifupa yako imekonda."

Bibi yako akajitazama alivyo, akamtazama daktari. "Imekonda saa ngapi, na mimi nguo zote zinanibana?"

Daktari akacheka kidogo, akaacha, kwa sababu aliyofuatisha hayakuwa ya kucheka. Alisema leo ni mkono, kesho inaweza kuwa nyonga. Nyonga ikivunjika kwa umri ule, wengine hawarudi kutembea kama zamani. Akataja kidonge. Mara moja kwa wiki, asubuhi, tumbo tupu, maji glasi nzima. Ukishameza unakaa wima nusu saa, usilale, usile kitu. Na kabla ya kuanza, uende kwa daktari wa meno. Akatupatia pakiti, akamaliza, "Kila dawa ina faida na madhara yake. Nendeni mkatafakari nyumbani."

Sasa unamwambia maneno hayo mtu gani? Mtu aliyeuza viazi na vitunguu sokoni tangu mama yako hajaota meno. Bibi yako haamini kitu mpaka akione kwenye mizani. Hata mimi aliponikubali, nadhani alinipima kwa macho kwanza.

Bado tungemalizana vizuri tu, kama si Redio. Unamjua, mdogo wake bibi yako, shemeji yangu, yule habari ikimfikia haizimiki. Alikuja na keki ya kumpa pole mgonjwa, akaila yeye, halafu akasema, "Dada, dawa hiyo usiiguse. Inaozesha taya. Kuna mama mmoja taya lilimfia mdomoni."

"Mama gani?" nikamuuliza.

"Simjui."

"Nani alikwambia?"

"Naye hamjui. Lakini taya lilikufa, shemeji, hilo halina ubishi."

Bibi yako akashika kidevu. Kuanzia hapo dawa ikakaa juu ya kabati haifunguliwi. Nikimgusia, ananijibu, "Mdomo wangu ndio duka langu. Nitaitaje wateja bila taya, nipige filimbi?" Na mimi kila nikimwona anapanda ngazi ya pale mlangoni na ule mkono wa plasta, naacha kazi namfuata nyuma. Unamkumbuka muuza vitambaa wa kona ile? Alidondoka kwenye stuli, stuli fupi kama hiyo uliyokalia. Nyonga. Sasa hivi anakaa dirishani, anaangalia watu wanapita. Mama yule alikuwa hatulii. Mimi usiku simtaji, mchana nampitia mbali.

Basi Jumapili moja mama yako akaja, siku yake ya mapumziko ya kazi yake ya hospitali, kavaa kanga anataka kutupikia. Kamenya vitunguu, kaweka mafuta jikoni, anatafuta viazi. Viazi hamna. Anatokea sebuleni anakuta mizani ya sokoni iko juu ya meza, ile ya sahani mbili, na kapu la viazi liko miguuni kwa bibi yako.

"Mama, viazi vyangu."

"Havipikwi mpaka nimalize kupima. Daktari alisema tutafakari. Ndiyo natafakari."

Akatupangia kazi. Sahani ya kushoto, ubaya wa kumeza dawa. Sahani ya kulia, ubaya wa kutomeza. Kila mtu aseme neno lake, aweke kiazi cha ukubwa anaoona unafaa. Redio alikuwepo, atakosaje, akachagua kiazi kikubwa kama kichwa cha mtoto, akakitupa kushoto. "Taya."

Mizani ikaanguka upande, puu.

Mama yako akakitoa, akaweka kimoja kidogo kama gololi. "Mama mdogo, hilo la taya lipo, sisemi halipo. Ila ni nadra mno kwa vidonge hivi. Wanaopata sana ni wale wa saratani wanaochomwa sindano za dozi kubwa, au mtu anayeng'oa jino huku dawa iko mwilini. Ndiyo maana wanataka meno yatazamwe kabla."

"Gololi?" bibi yako akasema. "Likinipata mimi, litanipata gololi au litanipata taya zima?"

Mama yako akakigeuza kile kiazi kwenye sahani. Hata mimi nilikubali, aliuliza vizuri. Jikoni mafuta yanaungua.

Wakaendelea. Kiungulia na koo kuchomwa, mama yako mwenyewe akaweka kiazi cha kadiri, akasema hicho ndicho kinawapata wengi, na ndiyo sababu ya glasi nzima ya maji na kukaa wima. Mfupa wa paja kupata ufa, akaweka kadogo tena, akasema huja kwa waliomeza miaka mingi mfululizo, kwa hiyo daktari baada ya miaka kadhaa hukupima upya, pengine akakupumzisha. Redio kila kiazi kikiwekwa anaongezea kingine kidogo pembeni, eti cha akiba.

Upande wa kulia wakaweka mkono, mgongo kupinda, na kiazi kizuri kabisa cha nyonga. Mizani ikacheza, ikacheza, ikasimama katikati. Pale nikaona tunalala njaa na dawa inarudi kabatini. Nikajisogeza kama mtu anayetaka kuona vizuri, nikaegemea meza, dole gumba likaenda lenyewe. Sahani ya nyonga ikashuka taratibu, kwa adabu kabisa.

"Imeamua," nikasema. "Twende tukapike."

Bibi yako hakugeuka hata kunitazama. "Toa dole."

"Dole gani?"

"La kushoto, lenye kucha nyeusi uliyoipiga nyundo. Nimekaa sokoni maisha yangu yote, madole ya watu nayasikia kwa harufu. Toa."

Nikalitoa. Redio akacheka mpaka akashika ukuta. Nikategemea nitafukuzwa mezani, lakini bibi yako akanivuta mkono, akaurudisha kwenye sahani, mkono mzima, kiganja juu.

"Ulikuwa unabonyeza nini?"

Nikamwambia, "Ukivunjika nyonga nitakubeba mimi? Mimi hata mto wa kochi siku hizi nauburuta. Nitakuweka dirishani kama yule muuza vitambaa, nikuangalie unaangalia watu? Sitaki."

Akauachia mkono wangu. Kisha akamgeukia mama yako, sauti ileile ya sokoni anapofunga bei. "Nikinunua gunia, najua chini kuna kiazi kibovu. Silikatai gunia, naingiza mkono nikapapasa kabla sijalipa. Hapa nitapapasaje?"

"Daktari wa meno, mama. Huko ndiko kupapasa."

"Na nikifika nyumbani nikaona halinifai, linarudishwa?"

"Koo likikuchoma unamwambia daktari, kuna dawa nyingine atajaribu. Hujafungwa kamba."

"Basi nitameza," akasema. "Si kwa sababu ya mizani, mizani imeshachezewa na mwizi na mdogo wangu. Nitameza kwa sababu nyonga nimeiona kwa macho yangu pale kona, na taya la Redio hata mwenyewe hajui la nani. Meno nitayapeleka kesho kutwa." Halafu ndiyo akanitazama. "Na wewe unatangulia. Lile gego lako unalolikwepa kwa kutafuna upande mmoja, linang'olewa siku hiyohiyo. Ulijiweka kwenye mizani mwenyewe."

"Mimi sina mifupa iliyokonda," nikasema.

"Una dole lililonenepa."

Mama yako hakungoja tubishane. Alifagia sahani zote mbili kwa mkono mmoja, taya, nyonga, koo, paja, vya akiba vya Redio, vyote ndani ya sufuria kubwa. Redio akalalamika kwamba kile chake kikubwa kilichotolewa kwenye sahani kisikatwe, akaambiwa akimenye mwenyewe, akakimenya. Bibi yako, mkono mmoja wa plasta, akawa anatuonyesha kwa kidevu nani achote maji, nani apanguse meza. Mizani nikaiteremsha mimi, nikaiweka nyuma ya mlango, mbali na madole yangu, kama nilivyoagizwa.

Vikaiva. Mama yako akapakua, Redio akalitambua taya lake kwenye bakuli akalidai, akapewa. Bibi yako akavuta kiti chake, wa kwanza, sisi tukavuta vyetu, tukala. Mimi nilitafuna kwa upande mmoja, polepole, naliaga gego langu kabla ya kesho kutwa.