Kivuli Kwenye Nguzo ya Gatina

Filister alikuwa ameshaweka mawe kwenye pembe tatu za shuka na sasa alikuwa akitafuta la nne. Rahab, muuza sukumawiki ambaye kibanda chake kilitazamana na nguzo, alimletea jiwe la kuegemeza mlango wake.

"Hili halipeperushwi na upepo," Rahab alisema. "Haya, anza. Jua linakuja."

Shuka lilikuwa limetandikwa chini ya nguzo ya stima, hapo Gatina, ubavuni mwa ploti ya Gichuru. Ulikuwa mwezi wa Machi, mwaka wa tisini na sita, majira ambapo jua la Nairobi hupanda mpaka likasimama utosini na kivuli cha kila kitu hurudi kujikunyata miguuni pa mwenyewe. Filister alikuwa akingojea kivuli cha mumewe. Asubuhi kilikuwa kimelala juu ya ukuta wa mawe wa Gichuru. Sasa kilikuwa kinateremka polepole pamoja na kivuli cha nguzo, kikija kwenye shuka. Kikifika chote, yeye na shemeji yake Ouma wangekikunja ndani, wakipeleke nyumbani Gem, wakakizike pale mwili ulipozikwa.

Juu ya nguzo yenyewe hapakuwa na mtu. Mumewe, Injinia Opondo, alifia pale mwezi wa Januari akiunga waya, na mwili ukasafirishwa, ukalazwa kwa heshima zote. Kivuli kilibaki kikiendelea na kazi. Watu wa Gatina walikizoea upesi. Mchana waliochoka waliketi ndani yake, maana kilikuwa na ubaridi mzuri kuliko ule wa nguzo.

Shida ilikuwa Gem. Kaburi lilikataa kujaa. Jioni mama mzazi wa marehemu, Aoko, aliwasimamia vijana wakashindilia udongo, na asubuhi ulikuwa umedidimia tena. Wazee wakatazama, wakasema mtu hajafika kamili. Ndipo Ouma, kaka mkubwa, alipotumwa arudi Nairobi na tawi bichi, kama ifanywavyo kwa aliyekufa vibaya mbali na kwao. Alisimama chini ya nguzo, akaliita jina la ndugu yake, akaanza kutembea bila kugeuka nyuma. Alitembea hivyo mpaka soko la Toi. Alipogeuka, aliyekuwa amemfuata ni mbwa.

Wazo la shuka lilikuwa la Filister. Alikuwa akiuza mashuka ya mitumba huko Toi, na kukunja ndiyo kazi aliyoijua zaidi. Ugumu ni kwamba kivuli hakikutulia. Mikono ilikwenda waya hadi waya, na kitu kinachocheza hakikunjiki. Kilihitaji kuwekewa neno la kukifanya kiweke chini koleo lake la waya, na katika uhai wake Opondo aliweka koleo chini kwa jambo moja tu: mtu akianza kusimulia safari zake.

Jana yake alisimulia Ouma. Ouma alijulikana katika matanga yote ya Kibera kwa kusifu marehemu, na kwao sifa ya marehemu haipimwi kwa rula. Alisimulia jinsi Opondo alivyovuka ziwa kwenda kisiwa cha Rusinga juu ya mapipa matupu aliyoyafunga kamba mwenyewe. Kivuli kiliketi kikasikiliza. Mawimbi yalikuwa marefu kama nyumba, kikavumilia. Ouma alipofika kwa mamba wa tatu, kivuli kiliinua mkono kikaupunga, hapana, na shuka lililokuwa limekunjwa nusu likamponyoka Filister.

"Mamba walikuwa wangapi?" Filister alimuuliza.

"Shemeji, hakukuwa na mamba. Lakini utamsifu vipi mtu aliyevuka maji matupu?"

"Huyo ni injinia. Mwambie maji matupu."

Kwa hiyo leo alisimulia Filister mwenyewe. Kivuli kilipoingia kwenye shuka alianza, kwa sauti ya kuongea na mtu aliye chumba cha pili. Alisimulia safari ya Lodwar baada ya harusi yao, yeye akiwa nyuma ya pikipiki na gauni ndani ya gunia, tairi likapasuka, Opondo akalijaza nyasi wakaendelea. Alisimulia lile panga la upepo la kutengeneza stima, alilolifunga juu ya paa lao pale Ayany, upande wa Kibera wenye nyumba za mawe, ili stima ikipotea majirani wasikose redio. Redio ililia vizuri. Kisha upepo ukaja mkali, ukaondoka na panga pamoja na mabati, na Opondo akaenda kuyaomba kwa jirani yalikoangukia, akiwa amebeba pakiti ya sukari. Mwisho alisimulia viatu. Popote alipokuwa amefika, Magadi au Moyale, Jumapili jioni alikuwa amerudi, amekaa kwenye ngazi akipiga rangi viatu vya shule vya watoto wao, Marion na Jeremy. Hakuna mwingine aliyeruhusiwa kuvigusa.

Kivuli kiliweka koleo. Kikaketi, kichwa kimeinama.

"Sasa," Ouma alinong'ona.

Wakakunja. Nyayo ziliingia, magoti yakaingia, laini kama kitambaa chochote. Kiunoni kikagoma. Filister alivuta taratibu, kisha akavuta kwa nguvu. Rahab alikuja kutazama, kisu cha sukuma bado kiko mkononi, na ndiye aliyeona kwanza.

"Haiya! Si amefungwa huyu."

Kipande cha kivuli, upana wa kiganja, kilitoka kiunoni kikazunguka kivuli cha nguzo na kurudi upande wa pili, kikashikwa na kifungo cha chuma. Ulikuwa mkanda wa kupandia. Na mikono, sasa ilipokuwa imetulia, ilionekana minene, vidole vimejaa. Ilikuwa imevaa glavu.

Wote waliijua ripoti. Mtu wa kampuni ya stima aliisoma kwenye mazishi kwa sauti tamu: kwamba marehemu, anayejulikana kwa kupenda hatari, alipanda bila mkanda na bila glavu, akajitakia. Haikutaja kwamba kuna aliyeirudisha stima Opondo akiwa angali juu. Tangu siku hiyo Jeremy, ambaye zamani hakuona ukuta akauacha bila kuupanda, alikuwa akiomba ruhusa hata ya kupanda kiti.

Gichuru alitoka dukani akijifuta mikono. Ploti ilikuwa yake, na ya babake kabla yake.

"Mama Marion, mnavuta nini?"

"Mkanda, mzee."

Gichuru aliinama. "Ni mkanda," alisema. "Tena wa ngozi."

"Wewe ndiye shahidi. Uliweka sahihi kwamba hakuwa nao."

"Niliweka. Waliniambia wakipata sahihi nyumba zangu za nyuma zitaunganishwa." Alizitazama. "Na ziliunganishwa." Alisema hivyo kama mtu anayeeleza mvua ilinyesha upande gani. Kisha akaenda dukani kupiga simu kwa kampuni, maana aliona si vizuri wasijue.

Kampuni ilimtuma mtu wake, Wepukhulu, akafika upesi kwa pikapu, ofisi ikiwa hapo karibu, Riruta. Alichuchumaa, akakitazama kifungo kutoka pande zote.

"Huu ni wetu," alikiri. "Vifungo hivi tulileta mwaka jana."

"Basi andika," Filister alisema.

"Nitaandika wapi, mama? Ripoti imefungwa. Na huyu hapa si mfanyakazi wetu. Mfanyakazi alizikwa."

Alisimama akakung'uta magoti. Alieleza kwa upole kwamba mkanda wa mtu aliye juu hufunguliwa na mwenyewe au kwa amri ya ofisi. Mwenyewe, kama walivyoona, hataki. Ofisi inaweza kutoa amri hata leo, fundi apande aufungue, marehemu aende kwao apumzike. Ila ofisi haitoi amri mahali penye mgogoro. Familia ikikubali ripoti kwa sahihi, mgogoro hautakuwepo.

"Niweke sahihi kwamba hana mkanda," Filister alisema, "ndipo mje mumfungue mkanda."

"Eeh," Wepukhulu alisema, akafurahi kueleweka. "Hivyo tu."

Ouma alimvuta Filister kando ya kibanda. "Shemeji, weka. Mama anazeekea kwenye lile shimo. Karatasi ni karatasi, nani ataisoma?"

"Jeremy ameisoma."

"Mtoto atasahau."

Filister alimfikiria Aoko na jembe lake. Lilikuwa jambo zito, wala hakulifanya jepesi. Kisha alirudi kwa Wepukhulu, ambaye alikuwa ameshatoa kalamu mfukoni.

"Alipenda hatari, hilo ni kweli," alisema. "Lakini huyu mtu alikuwa akikagua kamba mara mbili, hata ya kuanikia nguo. Siweki."

"Basi atakaa."

"Atakaa."

Wepukhulu aliwapa wote mkono, Gichuru pia, akaondoka. Ripoti ilibaki ilivyokuwa, na nyumba za nyuma zikaendelea kuwa na stima. Gichuru alisimama kidogo, akaona jua ni kali, akarudi dukani.

Ouma aliketi juu ya kreti. "Nimwambie nini Mama?"

"Mwambie ashindilie kidogo kidogo, asijichoshe. Marion wakifunga shule atakwenda kumsaidia."

"Na wewe?"

"Mimi asubuhi niko Toi. Mchana niko hapa."

Mchana ulikuwa umebaki kidogo. Filister alikunjua shuka likawa tambarare tena, akaomba kigoda kwa Rahab, akakiweka ukingoni. Safari zote alizozijua alikuwa amezimaliza. Kwa hiyo akaanza ile ya Marsabit, waliyoipanga kwa likizo ya Agosti, wao na watoto wawili, ambayo hawakuwahi kwenda.

Aliisimulia bila kuipamba. Walitoka Kibera alfajiri, Jeremy akakaa mbele. Nanyuki walikunywa chai na Marion akatapika nyuma ya petroli stesheni, wakamsafisha, hakuna aliyemgombeza. Isiolo lami ikaisha. Opondo akazima gari, akashuka, akaanza kulizunguka akigusa tairi moja moja, na ndani wote wakamngoja.

Masimulizi yalipofika kwenye tairi la nyuma, kichwa cha kivuli kilikuwa kimeshatoka kwenye shuka na kuanza kuelekea kwenye kibanda cha Rahab. Filister aliikatiza safari hapo. Aliinuka, akalikung'uta shuka vumbi, akalikunja.

"Wee, usituache hapo," Rahab alisema. "Hilo tairi liko sawa?"

"Bado analiangalia," Filister alisema. "Kesho."