Betri Mbili Omoni

Fundi umeme wa karakana ile ya boti walimwita Waya, na jina likamkaa. Alikuwa mwembamba kiasi kwamba popote palipokuwa na upenyo, chini ya sitaha au nyuma ya tangi, kaka yake alimwambia, "Ingia wewe. Mimi nikiingia, tumbo litabaki mlangoni." Watu walicheka, na Waya akaingia. Kaka ndiye aliyemlea tangu wazazi wao walipofariki, ndiye aliyemfundisha kazi, na karakana ilikuwa yake. Kwa miaka kumi na moja Waya alikuwa akiambiwa aingie, naye akiingia.

Boti iliyoleta balaa ilikuwa ya mkunga mmoja aliyekuwa akivuka ziwa kuwafuata wajawazito wa ng'ambo. Ilikuwa ndogo, ya faiba, yenye urefu wa mita nne, na mota yake ya umeme ilifungwa nyuma. Kaka aliziweka betri zote mbili hukohuko nyuma ili waya ziwe fupi. Siku ya tatu mkunga alirudi sketi imemganda miguuni kwa maji.

"Boti yenu inatembea imeinua pua kama mwenye majivuno," alisema. "Mimi nyuma, mota nyuma, betri nyuma! Mbele naona mawingu tu, na maji yananiingilia kisogoni."

"Pole, mama. Kesho utaikuta tayari," kaka alimjibu.

Mkunga alipoondoka, Waya alisema, "Tuziweke katikati, kaka. Chini ya benchi, tuzisogeze mbele kidogo tu, maana yeye mwenyewe anakaa nyuma."

"Katikati anaweka mizigo yake. Zipeleke mbele kabisa, omoni, kwenye kile kijichumba cha kamba."

"Huko ni mbali mno. Kila moja ina kilo thelathini. Pua itazama."

"Kati yangu na wewe, nani alianza kutengeneza boti?"

"Wewe."

"Basi ingia. Mimi nafuata skrubu dukani."

Waya akashuka kwenye boti iliyokuwa imefungwa gatini nyuma ya karakana. Asubuhi ile alikuwa ameshang'oa taa kuukuu ya mbele, na pale ulipopita waya wake palibaki tundu la ukubwa wa dole gumba, kiganja kimoja juu ya maji. Hakulijali. Aliisukuma betri ya kwanza ndani ya kijichumba, akainamisha bega moja, akajipenyeza kwa tumbo nyuma yake, spana mkononi. Ya pili aliiacha sakafuni, karibu na mlango, bila kuifunga mkanda. Dakika mbili tu, alijiambia.

Boti ya abiria ikapita kasi upande wa pili wa gati. Wimbi lake liliinua nyuma ya boti ya mkunga, sakafu ikawa mteremko, na betri ya pili ikateleza. Iligonga mlango wa kijichumba kwa kishindo na kuubana mguu wa kushoto wa Waya kwenye fremu, juu kidogo ya kifundo. Aliona nyota mchana.

Maumivu yalipotulia kidogo, alijaribu kuuvuta mguu. Haukutoka. Alitaka kuipiga betri teke kwa mguu wa kulia, lakini hapakuwa na nafasi ya kukunja goti. Mbele ya uso wake ilikaa betri ya kwanza. Mgongo uligusa sitaha, kifua kikagusa sakafu, na kila pumzi aliyoitoa ilimrudia usoni ikiwa ya moto, ikinuka gundi.

Kisha akahisi ubaridi tumboni. Boti haikurudi kama ilivyokuwa. Betri mbili na mwili wake, vyote mbele, vilikuwa vimeizamisha pua, na maji yaliyobaki sakafuni tangu safari ya mkunga yalikuwa yakimfuata huko alikolala. Mbaya zaidi, lile tundu la taa sasa lilikuwa usawa wa ziwa. Kila kiwimbi kilipopita, lilimwaga funda moja ndani. Na kadiri maji yalivyoingia, pua ilizidi kushuka, na tundu likazidi kunywa.

"Kaka!" aliita. "Kaka weee!"

Sauti iliishia palepale.

Akajilazimisha kufikiri. Alivua kitambaa cha kichwani kwa mkono mmoja, akakisokota, akakishindilia kwenye tundu. Maji yakapungua, yakawa ya kuvuja. Spana ilikuwa bado mkononi, na alijua ikigusa ncha zote mbili za betri zitaruka cheche mbele ya macho yake. Alivua glavu kwa meno, akazifunika nazo zile ncha. Ndipo akaanza kugonga ubavu wa boti. Mara tatu, akapumzika. Mara tatu tena.

Nani aliyejua kuwa yuko mle? Mmoja tu, na huyo alikuwa dukani, pengine amekutana na jamaa, wanapiga soga. Waya alilia. Halafu hasira zikamshika, akajikasirikia mwenyewe kuliko kaka, kwa kuwa alijua tangu mwanzo na bado akaingia. Maji yalipomfika kidevuni alilaza shavu kwenye betri ili apate kuvuta pumzi, akaendelea kugonga.

"Wewe, unagonga nini humo?" Ilikuwa sauti ya kaka, kutoka gatini. Kisha ikabadilika. "Mungu wangu! Boti inazama! Nakuja!"

"Usikanyage!" Waya alipiga kelele. "Ukishuka mbele tu, tunakwenda chini wote!"

"Nikuvute vipi sasa?"

"Betri imenibana mguu. Shuka kwa nyuma."

"Nikikaa nyuma sikufikii!"

"Yajaze madumu maji, kaka. Yale ya lita ishirini. Yapange nyuma kabisa, yote matano, ndipo uje mbele. Polepole."

Kwa mara ya kwanza katika miaka yote ile, kaka hakubishana. Waya alimsikia akikimbia, akihema, akishusha dumu moja, la pili, la tatu. La nne liliposhuka, maji yalianza kumtoka kidevuni, yakarudi nyuma. La tano liliposhuka, mwanga ulipenya kandokando ya kile kitambaa tunduni. Kisha sakafu ikatikisika kwa uzito wa kaka akija kwa magoti. Alishika mpini wa betri, akavuta, na mguu ukaachiwa.

Alimtoa kwa kumvuta kiuno. Wakaketi gatini, wote wamelowa. Mguu haukuvunjika, ila ulikuwa umechubuka vibaya na umevimba kama kiazi.

"Ulisema katikati," kaka alitamka hatimaye, macho yakiwa majini.

"Nilisema."

Kesho yake walizifunga betri chini ya benchi, shibiri mbili mbele ya katikati, ndani ya boksi lenye mikanda. Mkunga alijaribu boti na kurudi akitabasamu. Alisema safari hii ameona mpaka mbuzi wa ng'ambo. Akauliza nani aliyepachagua mahali hapo. Kaka alikohoa, akasema, "Huyu dada yangu. Mimi nilikosea, na nusura nimzike."

Lakini Waya hakupona upesi. Wiki nzima alilala mlango ukiwa wazi, na lifti ya hospitali alikofungwa bandeji ilimshinda, akapanda ngazi kwa mguu mmoja.

Mwezi uliofuata waliletewa boti nyingine, waya zake zimeungua chini ya sitaha. Mlango wa kuingilia ulikuwa mdogo kama dirisha la choo. Kaka aliutazama, akamtazama yeye, akafungua mdomo.

"Siingii," Waya alisema kabla kaka hajatamka neno. "Kata kwanza. Ukate mpaka wewe mwenyewe upite."

"Mpaka mimi?" Kaka alijishika tumbo. "Si tutabaki bila sitaha?"

Waya hakucheka. Kaka akaenda kuchukua msumeno, na Waya akavuta stuli, akakaa nje juani akimsubiri amalize kukata.